Hazina ya Malkia wa Bonde la Juu

Mvua ndiyo iliyomwingiza Miwani kwenye makumbusho ya sanaa ya chuo, si sanaa. Alikuwa amevaa viatu vipya, na viatu vipya vya Miwani vilikuwa vya aina ile inayovumilia jua na vumbi, lakini ikikutana na maji inarudi kuwa karatasi. Alipoona jengo lenye ngazi pana na mlango ulio wazi, alipanda mbio, akajipangusa mabega, akaingia kwa mwendo wa mtu aliyekuwa akisubiriwa. Huo ndio ulikuwa mwendo wake kila mahali, hata alipokwenda kuomba chumvi kwa jirani.

Tumjue kidogo kabla hajakauka. Mtaani walimwita Miwani kwa sababu ya miwani aliyoivaa, ambayo vioo vyake vilikatwa kutoka kwenye dirisha. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Yalikuwa na uwezo wa kuona noti iliyokunjwa ndani ya mfuko wa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Miwani ilikuwa kwa ajili ya watu wengine, ili wakimtazama waone elimu. Kwa elimu hiyo alikwisha kuuza kiwanja ambacho kumbe ni uwanja wa mpira wa shule, na akawahi kuwa wakala wa safari ambazo hazikuwahi kuondoka. Hakuwahi kumpiga mtu kofi wala kuvunja mlango, na jambo hilo alipenda kulitaja, hasa mbele ya mkewe.

Ndani ya makumbusho kulikuwa kimya. Ukutani walipangwa wakuu wa chuo waliopita, kila mmoja amechorwa akiwa amenuna kama aliyeletewa chai baridi. Chumba cha pili kilikuwa na picha za wanafunzi wa zamani: mbuzi wengi, machweo mengi, na mwanamke mmoja mwenye mikono mitatu ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika kama ilikusudiwa. Mgeni hakuwapo hata mmoja. Mlangoni alikaa mlinzi, na mlinzi huyo alishtuka tu pale mwanafunzi mmoja, ambaye naye alikuwa amekimbia mvua, alipotaka kutoka. Mkoba wake ulipekuliwa hadi kwenye kopo la chakula, na kopo likafunguliwa, na wali ukachokonolewa kwa kijiko.

Miwani alishangaa. Yeye aliingia na mfuko mkubwa na hakuulizwa hata salamu. Akamsogelea mlinzi, akamuuliza kwa upole mbona hali iko hivyo.

"Mimi niliajiriwa ili vitu visitoke," mlinzi alisema. "Vinavyoingia havinihusu."

"Na mtu akiingia na kitu chake, akakiacha humu?"

"Kikishakaa humu ni cha chuo. Akitaka kukitoa, hapo ndipo tutakosana."

Miwani alisikia jibu la kwanza tu. Hilo ndilo tatizo la wajanja: wana masikio makali, lakini huyafunga mapema. Alirudi ndani taratibu, na kwenye kona ya chumba cha mwisho akaliona kabati la kioo, tupu, lenye kikaratasi kilichogeuka rangi ya chai: *Kimeondolewa kwa ajili ya matengenezo.* Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye tundu lake, umeanza kushika kutu. Miwani aliuzungusha. Ukakubali. Akautia mfukoni, akasimama pale akimtazama yule mwanamke wa mikono mitatu, na kwa mara ya kwanza maishani akakubali kwamba sanaa inamgusa mtu moyoni.

Mtu wa pupa angekimbilia kutafuta tajiri siku ile ile. Miwani alianza na majaribio. Alichukua nyumbani upawa mkongwe uliovunjika mpini, akaenda kwenye duka la kuchapisha, akaagiza lebo nzuri yenye herufi nyembamba: *Chombo cha tambiko. Mti na shaba. Mchango wa ukoo.* Akauingiza upawa makumbushoni mchana kweupe, akaulaza ndani ya kabati, akafunga. Aliporudi wiki iliyofuata alimkuta mwanafunzi ameketi sakafuni akiuchora, na mwingine amekunja uso akiandika. Mzee mmoja aliyepita hapo alivua kofia. Upawa ambao mkewe alikuwa ameutupa nyuma ya jiko ulikuwa umepata heshima ambayo Miwani mwenyewe hajawahi kuipata, na yote hayo kwa sababu ya lebo.

Sasa akatafuta mtu wa kumvisha kilemba cha ukoka. Hakwenda mbali. Mjini hapo kulikuwa na afisa manunuzi mmoja, mnene, mcheshi, aliyejulikana kwa jina la Zabuni kwa kuwa hakuna zabuni iliyopita mezani kwake bila kuacha unyoya. Unyoya huo Zabuni aliugeuza dhahabu, maana benki zina midomo. Lakini siku hizo walikuwa wamekuja wakaguzi wa mali za watumishi, watu wakavu wasiokubali hata soda, wanaoingia nyumba hadi nyumba na kufungua makabati. Zabuni alikonda shingo. Alihamisha dhahabu kutoka darini kwenda kwenye pipa la unga, kutoka kwenye pipa kwenda kwa shemeji yake, na kutoka kwa shemeji akairudisha mbio, ikiwa imepungua.

Miwani alimkuta kwenye hoteli anayonywea chai, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaanza kuzungumzia mambo ya sanaa. Alizungumza hadi Zabuni akachoka, na alipochoka ndipo Miwani akashusha sauti.

"Mheshimiwa, wakaguzi wanatafuta wapi? Wanatafuta palipofichwa. Kitu kikiwekwa hadharani, ndani ya kioo, kikaandikiwa karne, nani atauliza ni cha nani?"

Zabuni alisema kwamba hilo ni wazo la kichaa, kisha akaagiza chai ya pili, na watu wanaolikataa wazo kweli hawaagizi chai ya pili. Akataka kuona kwa macho yake. Alitaka dhahabu ya mtu mwingine itangulie kukaa humo wiki nzima bila kuguswa, ndipo na yeye aamini. Upawa haukumtosha, alisema upawa hata kwake anao.

Hapa ndipo Miwani alipofanya lile ambalo hata yeye, aliyezoea kujisamehe haraka, lilimchukua siku nzima kujisamehe. Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo ya viti viwili, na ndiye aliyelisha nyumba katika miezi ile mingi ambayo ujanja wa Miwani ulikuwa bado unaiva. Mali yake ilikuwa moja: mkufu wa dhahabu aliorithi kwa bibi yake. Bibi huyo alimlea peke yake kwa kuuza mifagio, na mkufu aliununua pingili kwa pingili, mwaka hadi mwaka, na ndoano yake ilipokatika akaifunga kwa waya wa shaba. Mdogo wake wa kike alikuwa anakaribia kuolewa, na msusi ndiye angesimama mahali pa mama yao. Aliapa atasimama na mkufu wa bibi shingoni, ili bibi naye awepo. Miwani aliutoa kwenye kopo la sukari ulimokuwa unalala, akamwambia mkewe kwamba ule waya ni aibu, mkufu ameupeleka kwa sonara aukarabati kabla ya harusi. Mkewe alimtazama sana, kisha akamshukuru, na shukrani hiyo ilimchoma kidogo.

Mkufu ukaingia kabatini. Upawa ukatolewa, ukaachwa nyuma ya pazia, na lebo mpya ikawekwa, ambayo Miwani aliitungia kwa mapenzi: *Hazina ya Malkia wa Bonde la Juu. Dhahabu. Karne haijathibitishwa.* Lile neno la mwisho ndilo alilojivunia. Karne ukiitaja, atatokea mtu wa kukubishia; ukisema haijathibitishwa, kila msomi ataona kazi yake imeanza.

Wiki ikapita, mkufu ukaendelea kung'aa, na mlinzi akaendelea kuchokonoa wali wa watu. Zabuni alikuja kuona, akaona, akatokwa na jasho la furaha. Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, aliingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa, na chini ya chapati mlikuwa na bangili nzito, mikufu minene, pete na vipuli. Miwani alivipanga kwa unyenyekevu wote kuuzunguka mkufu wa bibi. Zabuni akataka na saa yake ya dhahabu iingie.

"Mheshimiwa," Miwani alimnong'oneza, "malkia wa zamani hakuvaa saa."

"Ungeweza kuandika kwamba alikuwa mbele ya wakati wake."

Saa ilirudi mkononi. Lebo ilikuwa inatosha kwa wote: hazina ni hazina, na malkia hakatazwi kuwa na vitu vingi. Zabuni alimpa Miwani asante ya mkononi, akaahidi nyingine wakaguzi wakiondoka, na Miwani akaikubali kwa aibu ya kuigiza, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa nyingine kabisa. Mlinzi anapekua mikoba, hapekui shingo. Miwani angerudi amevaa shati la kola ya juu, angefungua, angevaa hazina nzima chini ya shati, na angetoka akimpa mlinzi pole ya kazi. Mkufu wa mke ungerudi kwenye kopo la sukari, na vilivyosalia vingekwenda kuyeyushwa. Na Zabuni? Angeripoti wapi, kwa wakaguzi?

Ila Zabuni alishindwa kuondoka. Alikaa kwenye benchi mbele ya kabati akitazama mali yake kwa macho ya mzazi aliyempeleka mtoto bweni, hadi kengele ya kufunga ikalia. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi na mto wa kukalia. Miwani alizunguka nje akitafuna kucha, shati la kola ya juu limemkaba.

Siku ambayo Zabuni hatimaye aliitwa kwenye kikao, Miwani aliingia mbio na kukuta kabati limezungukwa na wanafunzi hadi ukutani. Katikati yao alisimama mhadhiri wa historia ya sanaa, ambaye ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa makumbusho, amerudi kutoka kwenye kongamano la mbali na bado ana kibandiko cha jina kifuani. Huyu mama alikuwa amelikuta kabati limejaa dhahabu ambayo hakuiagiza. Mtu wa kawaida angeuliza imetoka wapi. Lakini msimamizi akiuliza, anakiri kwamba makumbusho yake yanajaa yenyewe, na zaidi ya hapo, anakiri kwamba kuna malkia ambaye yeye hajawahi kumsikia. Mhadhiri aliona ni heri afundishe. Alikuwa anaendelea na mhadhara wake wa pili.

"Angalieni lebo," aliwaambia wanafunzi. "Mwandishi amekataa kutaja karne. Kukataa huku si upungufu, ni msimamo. Malkia huyu alikuwa nje ya hesabu za watawala wanaume."

Wanafunzi waliandika. Miwani, aliyekuwa amejibanza kando, alijikuta anatikisa kichwa kwa kukubali, na kutikisa huko kukamponza, kwa sababu mhadhiri alimwona, akaiona na miwani, akauliza mgeni ni nani. Ulimi wa Miwani haukuwahi kumngoja mwenyewe. Ulisema ni mtafiti wa kujitegemea, na kwamba amekuwa akilifuatilia Bonde la Juu kwa miaka mingi.

"Bila shaka," alisema mhadhiri, akamshika mkono kwa mikono miwili mbele ya darasa zima. "Nimekusoma."

Kuanzia hapo mambo yakaenda mrama kwa kasi ya heshima. Mkuu wa chuo alikuja kuona, akampongeza mhadhiri kwa kuipata hazina, na mhadhiri akapokea pongezi kwa kuinamisha kichwa. Kioo kikabadilishwa, kikawekwa kinene. Kufuli ikawekwa mpya, ufunguo wa Miwani ukabaki kuwa chuma cha kutu. Walinzi wakaongezwa, na hawa wapya walikuwa vijana waliopekua hadi kola. Watu walianza kuja, kwa makundi, na wale wakuu wa chuo walionuna ukutani wakaonekana kama wananung'unikia kelele. Zabuni alimpigia simu Miwani, akauliza kama huu ndio ule usalama waliouzungumza. Miwani alimjibu kwamba sasa mali yake inalindwa bure na serikali, mheshimiwa angetaka nini zaidi. Alipokata simu, alianza kuhesabu siku kwa vidole. Harusi ilikuwa imekaribia, na mkufu wa bibi ulikuwa katikati ya kioo ambacho hata nyundo ingekionea haya.

Mkewe alikwenda na wateja wake wa saluni. Walifunga saluni mapema, wakavaa vizuri, wakaenda kumwona malkia kama mji mzima ulivyokuwa unafanya. Miwani alikuwa mezani anakula mkewe aliporudi. Hakupiga kelele. Aliweka mkoba wake kitini, akanawa mikono, akaketi mbele yake.

"Sonara wako ana duka zuri," alisema. "Lina ngazi na walinzi."

Miwani aliirudisha chapati kwenye sahani. Alianza na habari ya kufanana, kwamba dhahabu zote duniani ni ndugu, na mkewe akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia habari ya waya wa shaba. Alisema alisimama mbele ya kioo kile akiutazama. Mama mmoja pembeni yake alisema malkia lazima alikuwa mwanamke wa nguvu kweli, na yeye alitamani kumwambia kwamba ndiyo, alikuwa mwanamke wa nguvu, alitembea na mifagio kichwani hadi nywele za utosini zikaisha. Hakusema. Alirudi nyumbani kwa miguu ili apate muda wa kulia njiani na asilie hapa. Miwani alimsikia, na kwa dakika hiyo moja alijiona mtu mbaya, akaona aibu ya kweli. Lakini aibu kwake ilikuwa mgeni asiyekaa. Kabla hajapewa kiti, akili ilikuwa imeshafika mahali pengine.

Maana kulikuwa na jambo. Mkuu wa chuo alikuwa amesoma mahali kwamba makumbusho makubwa ya duniani yanaamriwa kurudisha vitu vya watu, na alitamani sana kuwa miongoni mwa wanaorudisha kabla hawajaamriwa. Bahati mbaya makumbusho yake hayakuwa na cha kurudisha. Mbuzi na machweo yote yalichorwa na wanafunzi wake. Sasa alikuwa na hazina. Tangu ipatikane alikuwa anatangaza kwenye redio kwamba akitokea mrithi halali wa malkia, chuo kitamkabidhi kila kitu kwa sherehe, mbele ya kamera.

"Mke wangu," Miwani alisema, amekwisha kusimama, "bibi yako ndiye malkia."

Alimweleza yote, ya Zabuni, ya kabati, ya lebo. Alitembea huku na huku jikoni kwa furaha. Lebo inasema hazina ni moja ya mtu mmoja, kwa hiyo mwenye mkufu ndiye mwenye bangili. Zabuni hawezi kufungua mdomo, wakaguzi watakuwepo hapo hapo. Ushahidi wanao: ile picha ya zamani ya bibi akiwa amevaa mkufu, na waya unaonekana. Na mtaalamu wa Bonde la Juu, atakayethibitisha ukoo, ni nani? Akajinyooshea kidole kifuani.

Mkewe alikusanya vyombo mezani. Kisha akauliza kama watu hawatashuku, mume akimthibitisha mkewe.

"Ndiyo maana hatujuani," Miwani alisema. "Nisikilize vizuri. Wakikuuliza, hunijui. Mimi wakiniuliza, sikujui. Usicheke, usinitazame mara mbili. Hata tukiondoka, kila mtu na njia yake. Ushahidi wa mtu asiyekujua ndio ushahidi."

Akamfundisha jioni nzima. Alimwuliza swali, akajibu. Akamwambia ajibu kwa baridi zaidi. Mkewe alikuwa mwanafunzi mzuri, alishika haraka, na kufikia mwisho alisema "simjui" kwa namna iliyomfanya Miwani mwenyewe asisimke mwili. Alilala akijipongeza kwamba mjini hakuna shule kama ndoa yake.

Siku ya makabidhiano ukumbi ulijaa. Mkuu wa chuo alivaa joho, ingawa hapakuwa na sababu. Wakaguzi walikaa mstari wa mbele, wakavu vile vile, na Zabuni mstari wa pili, amealikwa kama mfadhili wa viti, amekalia kimojawapo kama kina miiba. Msusi aliingia amevaa gauni refu la kijani, kichwa juu, na watu wakasimama bila kuambiwa. Picha ya bibi ilionyeshwa kwenye ukuta mweupe, kubwa: mwanamke mwembamba, kipara cha utosini, macho yasiyoomba radhi, na mkufu. Humo ukumbini palikuwa na majoho, lebo, mhadhara na mtaalamu, na picha hiyo ndiyo iliyokuwa kitu pekee cha kweli. Mhadhiri alisema kipara hicho ni alama ya taji lililovaliwa muda mrefu.

Ikafika zamu ya mtafiti wa kujitegemea. Miwani alisimama, akarekebisha miwani, akaeleza mabonde, akaeleza makabila ya mabonde, akafika kwenye waya wa shaba na kuuita saini ya ukoo. Watu walipiga makofi. Mkuu wa chuo, mtu makini mbele ya kamera, akamuuliza swali moja la mwisho: je, ana uhusiano wowote na mama huyu?

Miwani aliweka mkono kifuani. "Simjui kabisa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumtia machoni."

"Na wewe mama, unamfahamu bwana huyu?"

Msusi alimtazama kwa muda mrefu kuliko walivyokubaliana. "Nilidhani namfahamu," alisema. "Lakini nilikuwa nimekosea. Simjui."

Miwani aliona ametia chumvi kidogo, ila akamsamehe, maana sauti ilikuwa safi. Kufuli ikafunguliwa. Mkuu wa chuo mwenyewe alimvika mkufu wa bibi, na hapo msusi akalia, na kilio hicho hakikuwa cha kufundishwa. Bangili, mikufu, pete na vipuli vilitiwa kwenye sanduku la mbao lenye nembo ya chuo, na msusi akasindikizwa hadi kwenye gari na askari. Zabuni alipiga makofi pamoja na wengine. Machozi yalimtiririka, na mkaguzi aliyekaa mbele yake aligeuka akamwambia ni vizuri kuona mtumishi wa umma anayeguswa na historia.

Miwani alifuata maagizo yake mwenyewe. Alichukua njia ya peke yake, akazunguka mitaa, akaingia mgahawani akanywa chai ya taratibu, akapanga jinsi ya kugawana. Mke angepata mkufu wake na bangili moja, hakuwa bahili. Alipofika nyumbani alikuta geti limefungwa, na mlango wa mbele una kitasa kipya, kinang'aa. Nje kulikuwa na sanduku lake la nguo, na juu yake, umepangwa kwa adabu, upawa mpya wa kupikia ambao bado una lebo ya bei. Aliusukuma kando akagonga.

"Nani?" sauti ya mkewe ikauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo. Fungua, watu wameshaondoka."

"Kaka," sauti ilisema, tulivu kabisa, "nimekuona leo ukiweka mkono kifuani mbele ya mji mzima, ukasema hunijui. Mimi ni mwanamke wa heshima. Siwafungulii wanaume nisiowajua."

Miwani alicheka kidogo, akimtaka mkewe naye acheke. Ndani hakukucheka mtu. Alisikia vyombo vikifungwa, sauti ya mdogo wa mkewe, na mtu akiuliza kama viti vya saluni vipakiwe leo au kesho. Akaanza kubembeleza. Alisema ya kweli machache aliyokuwa nayo: kwamba nyumba bila yeye si nyumba, kwamba mkufu alikusudia kuurudisha, kwamba Mungu ni shahidi. Alikuwa amefika mahali ambapo sauti yenyewe inakatika, na hakuwa anaigiza, pale gari lilipotulia nyuma yake na Zabuni akashuka.

Zabuni alikuwa amelifuata gari la askari, kisha akazunguka hadi askari walipoondoka. Alikuwa amekuja kubembeleza naye, kwa namna yake, na hakutarajia kumkuta mtafiti wa kujitegemea amepiga magoti mlangoni pa mjukuu wa malkia. Akasimama. Akamtazama Miwani, akalitazama sanduku la nguo, na uso wake mnene ukaanza kuelewa kitu polepole sana.

"Wewe," alisema. "Huyu mwanamke unamjua?"

Ndani vyombo viliacha kufungwa. Miwani alijua mkewe amesimama upande wa pili wa mlango, ameegemea mbao, anasikiliza. Angesema neno moja, huyu ni mke wangu, pengine mlango ungefunguka. Alihisi hivyo, na hatujui, pengine alikuwa sahihi. Lakini mkono wa Zabuni ulikuwa umeshamshika kola, ile kola ya juu, na mkono huo haukuwa na ucheshi wowote.

"Simjui," Miwani alisema. "Nimekosea nyumba."

Alilibeba sanduku lake akaondoka bila kugeuka, na nyuma yake akasikia komeo la ndani likiteremshwa.